Beji ya zipu: shajara ya mradi wetu wa kutambua ujuzi wa mafundi cherehani

Wiki ya 1

Tumeanza. Kwa atakayesoma haya bila kutujua: sisi ni karakana ndogo ya ushonaji, Ngamiani, Tanga. Tuna cherehani 8 za miguu, 2 za umeme, na ovaloki moja ambayo ikiamka salama tunashukuru. Vijana wanakaa miezi sita, wakimaliza wanapewa barua yenye muhuri wa zambarau inayosema fulani bin fulani "amehudhuria mafunzo ya ushonaji". Barua hiyo niliitunga mimi mwenyewe, na leo naionea aibu. Haisemi huyu mtu anajua nini. Aliyeshona gauni la bibi harusi na aliyekuwa akifagia vipande vya vitambaa na kuchemsha chai wanatoka na karatasi ileile.

Ndipo tukafikia beji za kidijitali. Wazo si geni duniani. Mozilla, wale wa Firefox, walilitangaza mwaka 2011 wakiungwa mkono na Wakfu wa MacArthur wa Marekani, na mwaka 2013 likatoka toleo la kwanza la kiwango kinachoitwa Open Badges, yaani beji huria: mtu yeyote anaweza kutoa, na beji ya huku inasomeka na programu ya kule. Tangu 2017 kiwango hicho kiko mikononi mwa IMS Global, shirika la viwango vya teknolojia ya elimu, ambalo siku hizi inaitwa 1EdTech. Sisi kilichotuvuta ni kitu kimoja cha kimaskini kabisa: Moodle, ambayo tayari tunaitumia kuwekea video za masomo, inatoa beji hizo tangu toleo la 2.5 la mwaka huohuo wa 2013. Hatununui programu.

Bajeti ya mradi: bando.

Wiki ya 2

Kikao cha kamati, watu sita na sahani moja ya kashata. Fundi mkuu wetu, aliyeanza kushona mimi sijazaliwa na ambaye hana cheti hata kimoja, aliuliza: "Mwalimu, hiyo beji inashikika?" Nikasema hapana, iko kwenye simu. "Basi ni picha." Nikasema ni picha, lakini ndani yake kuna maneno. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuna jini kwenye chupa.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa kamati aliyekuwa skauti. Alieleza kwamba skauti hapewi beji ya mafundo kwa sababu alifika kambini. Anapewa kamba, anafunga, mkubwa wake anavuta. Fundo likishika, beji inashonwa kwenye shati, na skauti yeyote anayeiona anajua mwenzake kafanya nini. Kisha akatukumbusha kwamba Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, amezikwa hapo Nyeri, Kenya, tangu 1941, na kwamba yeye kaburi hilo amelifikia kwa miguu yake. Haikuwa kwenye ajenda, ila alisimulia vizuri tukamwacha.

Basi nikaeleza upya kwa lugha ya kamba. Beji huria ina mafungu matatu ya maelezo: nani anaitoa; beji ina maana gani na vigezo vyake ni vipi; na nani amepewa, lini, kwa ushahidi gani. Maelezo hayo yanakaa kwenye ukurasa wetu wa intaneti. Habari zake zinapachikwa pia ndani ya faili la picha, la aina ya PNG, mahali ambapo jicho halioni ila programu inaona. Mwenye duka anayetaka kuhakiki hana haja ya kumbana mwenye beji. Anaipakia picha kwenye programu ya kuhakiki, nayo inakuja kugonga kwetu.

Fundi mkuu: "Kwa hiyo mwisho wa yote wanatuuliza sisi." Ndiyo. "Haya. Sasa nimeelewa kazi iko wapi."

Tulibishana kidogo kuhusu jina. Nishani inanukia vita. Cheti kitachanganywa na cha VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi. Tumebaki na beji, neno ambalo hata mlinzi wa getini analijua.

Wiki ya 3

Kosa la kwanza, na ni langu peke yangu.

Nilitaka kujaribu mfumo, nikatengeneza beji ya "Mshonaji wa Awali" ijitoe yenyewe kwa kila aliyemaliza kutazama video zote. Jioni niliweka, asubuhi nikakuta vijana 19 wanayo. Mmoja wao alikuwa Pangani harusini wiki nzima. Dada yake ndiye aliyekuwa akibonyeza bonyeza kwenye simu yake. Nikaenda kubadilisha vigezo, Moodle ikakataa. Beji ikishapatikana na mtu hata mmoja, vigezo vyake vinafungwa na havibadiliki tena.

Niliudhika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Halafu nikaona wenye programu walifikiri kuliko mimi: kama ningeweza kugeuza vigezo baada ya watu kupewa, ningekuwa nageuza maneno ya cheti kikiwa tayari mfukoni mwa mtu. Nikafuta beji ile pamoja na zote zilizokwisha kutolewa, nikawaita vijana nikawaomba radhi. Kijana mmoja alikuwa ameiweka picha yake ya wasifu kwenye simu. Aliiacha hapo wiki nzima, na sikuwa na uso wa kumwambia aitoe.

Wiki ya 4 na ya 5

Tumeamua kuanza na beji nne tu: kupima mwili, pindo, zipu, na kutunza cherehani. Nyingine tatu sitazieleza sana. Ya zipu ndiyo iliyotufundisha kuandika vigezo.

Rasimu yangu ilisema: "Ana uwezo wa kuweka zipu kwa ustadi." Fundi mkuu akacheka mpaka akavua miwani. "Ustadi ndiyo nini? Hata mimi kuna siku sina." Akachomoa sketi ya sare kutoka kwenye rundo la mteja, akakaa, akaniambia nitazame anavyokagua.

Kwanza hakuiangalia zipu kabisa. Aliangalia kiuno, kama pande mbili zimekutana sawa au upande mmoja umepanda. Kisha akafunga na kufungua, akafunga na kufungua, mara kumi, kichwa amekiinamisha pembeni kama anasikiliza redio ya jirani. Halafu akaikunja sketi kama vile mtoto ameketi kwenye dawati, aone kama zipu "inacheka", yaani kama mshono unaachia midomo katikati na meno ya zipu yanaonekana. Mwisho akaigeuza ndani nje: nyuzi zimekatwa? Ncha ya chini imefungwa kwa mshono wa kurudi, isije ikamkwaruza mtoto mgongoni? Akaitupa sketi kwenye rundo la zilizopita, akavaa miwani. Dakika mbili hazikufika.

Nikaandika alichokifanya, hatua kwa hatua, bila neno "ustadi". Vigezo vya beji ya zipu vikatoka hivi: sketi tatu zilizopita, za siku tatu tofauti, kwa kuwa moja mtu anaweza kubahatisha. Vitambaa viwili tofauti, kimoja kiwe kile kinachovutika kinapokuwa chini ya mguu wa cherehani. Kiuno kilingane. Zipu isicheke. Ndani kuwe safi. Wakaguzi wawili, na mmoja wao asiwe aliyemfundisha mwanafunzi huyo. Picha tatu kwa kila sketi: kiuno kikiwa kimefungwa, mshono ukiwa umekunjwa, na upande wa ndani.

Wa kwanza kujaribu ni dada mmoja aliyeishia darasa la saba, ambaye kwenye maswali ya kuandika huwa anashika mkia. Sketi ya kwanza kiuno kilipanda nusu sentimita. Fundi mkuu hakusema neno, alimrudishia pamoja na wembe wa kufumulia. Ya pili ikapita. Ya tatu, ya kitambaa kinachovutika, ikacheka, wembe tena. Ya nne na ya tano zikapita. Ijumaa ya wiki ya tano tulibonyeza kitufe na beji ya kwanza halali ikatoka. Alisimama pale mezani akisubiri aambiwe kitu. Fundi mkuu akamwambia, "Sasa zipu usiniletee tena. Niletee kola."

Wiki ya 6

Wiki ya barua pepe. Sikuitarajia, na imekula muda kuliko kazi nyingine yoyote.

Beji hutolewa kwa anwani ya barua pepe. Vijana wetu wengi wana anwani iliyofunguliwa na muuza simu siku waliponunua simu, na nywila anaijua yeye. Wawili wanatumia anwani moja. Mmoja aliniambia kwa kujiamini kabisa kwamba barua pepe yake ni namba yake ya simu. Na ndani ya beji anwani haiandikwi wazi: inasagwa kwa hesabu iitwayo SHA-256, ikiongezewa herufi za kubahatisha ambazo wataalamu wanaziita chumvi, ili mpita njia asiweze kuisoma. Ni ulinzi mzuri. Lakini maana yake, aliyesahau anwani yake hawezi kuchungulia ndani ya beji akaikumbuka, na aliyebadilisha anwani hawezi kuthibitisha kuwa beji ya zamani ni yake. Kiwango chenyewe, toleo la 2.0, kinaruhusu hata namba ya simu kuwa utambulisho. Mfumo wetu unatoa kwa barua pepe tu.

Mchana wa siku mbili tumekaa kwenye benchi, mmoja mmoja, tukifungua anwani mpya. Nywila kila mtu kaandika mwenyewe na kupeleka nyumbani ikae pamoja na kitambulisho cha taifa. Mama mmoja amekuja kuhakikisha kwamba hatumfungulii binti yake "mambo ya mitandao". Tukamwonyesha, akakaa, akataka na yeye afunguliwe.

Wiki ya 7

Mama mwenye duka la sare mjini anatafuta mtu. Dada wa zipu akamtumia picha ya beji kwenye programu ile ya meseji tunayotumia sote. Mama wa duka, ambaye nilikuwa nimemwonyesha jinsi ya kuhakiki, akaipakia. Jibu: hakuna maelezo yoyote ya beji ndani ya picha hii. Akanipigia kwa adabu zote. "Mwalimu, hamjambo hapo? Beji yenu hii naona ni tupu."

Nusu siku nikaitafuta sababu. Ukituma picha kama picha, inabanwa iwe nyepesi na kugeuzwa kuwa JPEG, na katika kubanwa kule yale maneno yaliyopachikwa ndani yanatupwa. Beji inafika na sura yake, imeacha roho njiani. Ukiituma kama faili la hati inafika nzima. Lakini niambie, nani katika dunia hii anatuma picha kama hati?

Tumeacha kugombana na simu za watu. Sasa kijana anatuma kiungo cha ukurasa wa beji. Pia tumemchapia kila mmoja kadi ya karatasi ngumu: mbele sura ya beji, nyuma misimbo miwili ya QR, mmoja unafungua ukurasa wa beji, mwingine unafungua picha za kazi zake. Fundi mkuu aliishika kadi ya kwanza, akaikunja kidogo kupima ugumu wake. "Hii inashikika."

Wiki ya 8

Umeme ulikatika siku tatu. Cherehani za miguu ziliendelea na kazi, beji zililala. Hakuna la kuandika.

Wiki ya 9

Hii naiandika kwa sababu niliahidi kuandika kila kitu.

Jumapili kikoa chetu cha intaneti, yaani jina la tovuti yetu tunalolilipia, kilikwisha muda. Taarifa za kulipia zilikuwa zinatumwa kwenye barua pepe ya kijana wa kujitolea aliyeondoka zamani, na mimi ndiye niliyetakiwa kuibadilisha anwani hiyo siku alipoaga. Kwa siku sita kila beji tuliyotoa, zote 11, ilikuwa haina pa kuulizia. Beji za namna yetu zinahakikiwa kwa kuutembelea ukurasa wa mtoaji. Ukurasa usipokuwepo, mhakiki hana tofauti na mtu aliyefika nyumbani akakuta kufuli. Kadi zile nzuri zilifungua ukurasa mweupe. Ada yenyewe haifiki bei ya doti chache za kitenge.

Najifariji kwamba wakubwa nao wamehama. Mozilla ilikuwa na mahali pa kuhifadhia beji, palipoitwa Backpack, begi la mgongoni. Mwaka 2019 ikalifunga, watu wakaombwa kuhamishia beji zao Badgr, huduma nyingine ya kuhifadhia beji. Na Badgr nayo baadaye ikanunuliwa na kampuni ya Instructure ikabadilishwa jina. Toleo la 3.0 la kiwango, lililokamilishwa 2024, linafuata mpango wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, wa vitambulisho vinavyohakikika: muhuri unakuwa sahihi ya kidijitali inayotembea na beji yenyewe, hivyo beji haifi kwa sababu tu ukurasa mmoja umefungwa. Sisi bado tuko 2.0, na tutakuwa huko kwa muda.

Nilichofanya wiki hii: kikoa kimelipiwa miaka mitatu, taarifa zinakwenda kwa watu wawili, na nakala ya kila kitu iko kwenye flashi mbili, moja kwangu, moja kwa mzee skauti, ambaye ameifungia kwenye bati la biskuti pamoja na hati ya kiwanja.

Wiki ya 10

Leo nilikwenda na dada wa zipu kwa mama mwenye duka, nikakaa pembeni kwenye stuli bila kusema kitu. Nilitaka kuona mwajiri anaisomaje beji.

Akaskani msimbo wa kwanza. Ukurasa ukafunguka: jina, tarehe, vigezo vyetu vyote tulivyovipigia jasho wiki mbili. Akavipitisha kwa kidole gumba kama mtu anayetafuta namba kwenye simu. Akaskani wa pili, wa picha. Hapo akatulia. Akaikuza ile ya ndani kwa vidole viwili, akaisogeza mpaka kwenye ncha ya chini ya zipu, akaitazama. Kisha akauliza swali moja tu. "Nani kakagua?" Dada akataja jina la fundi mkuu. "Yule mzee wa Ngamiani? Aliyenishonea mimi suti ya kipaimara?" Ndiyo huyohuyo. "Njoo Jumatatu, wiki moja ya majaribio."

Tulipotoka dada alikuwa anacheka peke yake, mimi nilikuwa nafikiria ukurasa wetu. Jina la fundi mkuu lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, baada ya habari za toleo na tarehe. Nimerudi na kulipandisha juu, chini tu ya jina la mwanafunzi. Wanaoandika kuhusu beji hizi wanazungumza sana juu ya sahihi za kidijitali, na kwa mtu aliye London anayemwajiri mtu aliye Chicago nadhani wana haki. Kwa hapa mjini, mama wa duka alitaka kujua nani alivuta kamba.

Nilipomweleza fundi mkuu, hakufurahi kama nilivyotegemea. Aliendelea kutia uzi kwenye sindano. "Na nikifa?"

Wiki ya 11

Swali lake limekaa mezani wiki nzima. Pia baba wa mwanafunzi mmoja alikuja kuuliza kama beji ni sawa na cheti cha VETA. Nilimjibu wazi: hapana. VETA imeundwa kwa sheria ya mwaka 1994, sisi tumeundwa na kamati ya watu sita na kashata.

Lakini VETA hao hao wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi, kwa fundi aliyejifunzia kazini: anapimwa kile anachokijua, bila kurudishwa darasani. Majirani nao wana njia zao. Kenya kuna majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, yenye madaraja. Uganda wanatoa Worker's PAS, kijitabu cha mfanyakazi kinachoandikwa stadi alizopimwa nazo, na nikikifikiria, hicho ndicho ndugu wa damu wa beji zetu kwenye karatasi, ila chenyewe kina serikali nyuma yake. Kwa hiyo sasa tunazipanga picha na vigezo ili mwanafunzi akienda kupimwa awe na faili la kufungua mbele ya mpimaji. Hazimpitishi. Zinamfanya asianze kwa kujieleza.

Mzee skauti ndiye aliyesema kile ambacho sisi wengine tulikuwa tunakizunguka: wa kwanza kupelekwa kurasimishwa awe fundi mkuu mwenyewe. Kimya. Fundi mkuu akasema atafikiria. Jioni, watu walipoondoka, akaniita. "Mwalimu, leta hiyo simu." Akatandika sketi tatu juu ya meza ya kukatia, kiuno, kunjo, ndani, akasogea kando mwanga uingie. "Piga. Za kwangu mimi."

Mkaguzi wake hawezi kutoka kwetu, sote ni wanafunzi wake. Tumemwomba fundi wa karakana ya barabara ya pili, ambaye hawajasalimiana vizuri tangu ugomvi wa tenda ya sare. Amekubali haraka mno.

Wiki ya 12

Dada wa zipu amebaki dukani baada ya wiki ya majaribio. Mama wa duka amenipigia kuuliza kama tuna mwenye beji ya kola.

Hatuna, kwa kuwa beji ya kola haipo. Fundi mkuu ameandika vigezo mwenyewe safari hii, kwa penseli, nyuma ya risiti ya uzi. Namba moja: kola isitazame juu. Namba mbili: ncha mbili zilingane, pima kwa kuzikunja zigusane, usipime kwa macho. Namba tatu imekatwa, ikaandikwa, ikakatwa tena. Fundi wa barabara ya pili anashikilia kwamba kola ikaguliwe baada ya pasi, kwani mteja hupewa nguo iliyopigwa pasi. Fundi mkuu anasema pasi inaficha madhambi. Walibishana Alhamisi mpaka adhana ya magharibi, wakaondoka pamoja kuelekea msikitini, bado wanabishana. Wanarudi Jumatatu, kila mmoja na shati lake.